Anajua nyimbo zote, sasa anaenda kutafuta nini? Bruce Springsteen na mashabiki wake



Leo tuongee juu ya jambo ambalo watu wengi wanalichekaka. Kuko mtu mwenye diski zote za mwimbaji wake. Anajua kila neno, anajua hata mahali gitare inanyamaza na ngoma inaingia. Nyimbo zote ziko ndani ya telefone yake, anaweza kuzisikiliza usiku mzima bila kutoka kitandani. Halafu mtu huyo huyo anatoa franga nyingi, anasafiri mbali, anasimama nje tangu asubuhi, na wengine wanalala pale pale, juu ya kusikia nyimbo zile zile. Wazazi wanauliza: "Sasa unaenda kutafuta nini kule?"

Ulizo hilo si la ujinga. Linastahili jibu la kweli, na leo tutalitafuta kwa mfano mmoja: Bruce Springsteen, mwimbaji wa roki wa Marekani, na mashabiki wake. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, mashabiki wake wamechunguzwa na watu wa chuo kikuu, wamepigwa filamu, na wenyewe wameandika vitabu. Pili, mwaka 2022 kulitokea ugomvi mkubwa kati yake na wao juu ya bei ya tiketi, na ugomvi ule ulionyesha wazi shabiki anafikiri analipa nini.

1. Mtu huyu ni nani?

Bruce Springsteen alizaliwa tarehe 23 Septemba 1949 kule Long Branch, katika jimbo la New Jersey. Hakutoka kwa watu wenye mali. Baba yake alibadilisha kazi mara nyingi: kiwandani, kuendesha basi, kulinda gereza. Mama alikuwa sekretari. Diski yake ya kwanza ilitoka mwaka 1973 na haikuuzwa sana. Ya tatu, Born to Run, ilitoka Agosti 1975, na Oktoba ya mwaka ule magazeti mawili makubwa ya Marekani, Time na Newsweek, yaliweka sura yake kwenye ukurasa wa kwanza katika wiki moja. Mwaka 1984 ikatoka Born in the U.S.A., na tangu pale amekuwa mtu wa kujaza viwanja vya mpira.

Lakini jina lake halikujengwa na diski peke yake. Lilijengwa jukwaani. Mwezi wa Mei 1974 mwandishi mmoja wa muziki, Jon Landau, alimwona akipiga kule Cambridge, Massachusetts, akatoka pale amebadilika. Aliandika kwamba ameona kesho ya roki, na kesho hiyo inaitwa Springsteen. Kisha akaacha kuandika, akaanza kutengeneza diski pamoja naye na kusimamia kazi yake. Kwa hiyo hata mtu aliyeongoza kazi yote hii alianza kama shabiki aliyesimama mbele ya jukwaa usiku mmoja.

2. Namna mtu anakuwa shabiki

Mwaka 1998 msomi Mmarekani Daniel Cavicchi alitoa kitabu juu ya mashabiki wa Springsteen. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Aliongea na wengi, akawauliza namna walivyoanza. Aligundua kwamba hadithi zao zinafanana na ushuhuda wa mtu aliyeokoka: kuko maisha ya mbele, kuko siku ile, kuko maisha ya kisha. Mashabiki wenyewe hawakusema kwamba Springsteen ni mungu. Walisema tu kwamba lugha nyingine ya kueleza jambo lile hawakuipata.

Aligundua jambo la pili, na hili njo la maana kwa ulizo letu. Mashabiki wanajitenga na wale wanaokuja konseri juu ya kujifurahisha tu. Mtu wa kawaida anakuja, anakunywa, anacheza wimbo anaoujua, anarudi nyumbani. Shabiki anakuja na kumbukumbu. Wimbo ukianza, yeye anasikia wimbo wa leo na tena anasikia mara zote alizousikia mbele: mwaka wa mtihani, mwaka wa kufiwa, mwaka wa kukosa kazi. Konseri kwake ni mahali pa kupima maisha yake mwenyewe.

Mfano mzuri ni Sarfraz Manzoor. Huyu alizaliwa Pakistan mwaka 1971, akafika Uingereza mtoto mdogo, akakulia Luton. Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha magari. Nyumbani kulikuwa na sheria ya baba, nje kulikuwa na watu waliowaambia warudi kwao. Mwaka 1987 rafiki yake, kijana wa Sikh, alimpa kaseti za Springsteen. Mzungu wa New Jersey anamwambia nini kijana Mwislamu wa Luton? Alimwambia mambo ya baba na mtoto wasioelewana, ya mji mdogo usio na mlango, ya kutaka kutoka bila kuwasaliti wale unaowaacha nyuma. Manzoor ameenda kumwona zaidi ya mara 100. Mwaka 2007 aliandika kitabu juu ya hayo. Siku moja London, mwaka 2010, Springsteen mwenyewe alimtambua, akamwambia amekisoma na amekipenda. Kitabu kile kilizaa filamu Blinded by the Light ya mwaka 2019.

Ndugu msomi, angalia vizuri. Kijana huyu hakutafuta mtu anayefanana naye kwa sura. Alitafuta mtu aliyeweza kutaja shida yake kwa jina. Wengi wetu tumekulia na nyimbo za lugha ambayo nyumbani hakuna anayeiongea, na tunajua kwamba jambo hilo linawezekana.

3. Kazi inaanza nje ya uwanja

Watu wanafikiri konseri inaanza wakati taa zinazima. Kwa shabiki inaanza mapema zaidi, kwenye mstari.

Kwa miaka mingi, kwenye konseri nyingi za Springsteen, sehemu ya mbele ya jukwaa haina viti. Watu wanasimama. Anayetaka kugusa ukingo wa jukwaa anapashwa kufika mapema sana. Kule Ulaya mashabiki wenyewe wamejiwekea utaratibu: unafika, unaandikwa kwenye daftari, unapewa namba, mara nyingi inaandikwa kwa kalamu kwenye mkono. Kisha kuko saa za kuitwa majina, sawa vile mwalimu anaitaka majina darasani. Usipokuwepo, jina linafutwa. Hakuna polisi, hakuna karatasi ya serikali. Kuko tu watu ambao wanajua kwamba bila utaratibu watakanyagana mlangoni.

Pale mstarini daktari anakaa chini kwenye saruji pamoja na mtu wa kazi ya gereji. Hakuna anayeuliza cheo. Ulizo ni moja: "Hii ni ya ngapi kwako?"

Kwa wale waliosoma antropolojia, jambo hili lina jina. Victor Turner, msomi Mwingereza, aliishi miaka ya 1950 hadi 1954 kati ya Wandembu, kaskazini-magharibi mwa Zambia. Wandembu ni jamaa ya Walunda, na masimulizi yao yanawarudisha kwa Mwant Yav, huku kwetu Katanga. Turner aliangalia mambo ya mukanda, wakati wavulana wanatolewa kijijini na kukaa porini. Akaona kwamba mtu akiwa katikati, ametoka kule na hajafika huku, vyeo vinaanguka na undugu wa namna nyingine unazaliwa. Undugu ule aliuita communitas, na kitabu chake cha mwaka 1969 kilieneza neno hilo duniani kote. Leo wasomi wanalitumiaka juu ya kueleza safari za kuhiji, sherehe, na hata mistari ya mashabiki nje ya uwanja. Kwa hiyo fikra inayosaidia kueleza roki ya New Jersey ilipata mwanga wake kwa ndugu zetu Walunda. Si kila elimu inatoka kaskazini kushuka kusini.

4. Ndani: kwa nini kila usiku ni tofauti

Sasa milango imefunguliwa. Tuseme wazi vitu ambavyo diski haiwezi kutoa.

Kwanza, orodha ya nyimbo. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Springsteen amekuwa akibadilisha nyimbo usiku hadi usiku. Mtu akienda leo na kesho katika mji ule ule, anaona konseri mbili tofauti. Ndiyo maana mtu anaweza kwenda mara 50 bila kuwa kichaa. Anangojea ule wimbo mmoja ambao haujapigwa kwa miaka.

Pili, mabango. Karibu mwaka 2008 mashabiki walianza kuleta vipande vya karatoni vyenye jina la wimbo wanaoutaka. Springsteen anatembea mbele ya jukwaa, anayakusanya, anachagua moja, anawaonyesha wenzake wa orkestra, na baada ya sekunde chache wanaanza. Mwaka 2009 mchezo ukakua: watu wakaleta hata nyimbo za zamani za waimbaji wengine juu ya kuona kama orkestra itashindwa. Pale shabiki hasikilizi tu. Ameandika sehemu ya konseri kwa mkono wake.

Tatu, urefu. Konseri ya saa tatu kwake ni ya kawaida. Tarehe 31 Julai 2012 kule Helsinki alipiga saa 4 na dakika 6, akiwa na miaka 62. Mtu akikuona unatoa jasho namna ile mbele yake, anaelewa kwamba hukuja kuchukua franga na kukimbia.

Nne, taa. Jambo hili ni dogo na wengi hawalioni. Karibu na mwisho, mara nyingi wimbo Born to Run ukianza, taa zote za uwanja zinawashwa. Kwa kawaida taa ni ya msanii na giza ni ya watu. Hapa kila mtu anaona kila mtu: sura zenye jasho, mzee na mjukuu, mtu anayelia bila aibu. Watu waliokuja kumwangalia mtu mmoja wanaanza kujiangalia wao kwa wao.

Bon, tusiwe watoto. Ndani ya hayo yote kuko pia maigizo. Video ya wimbo Dancing in the Dark ya mwaka 1984 inaonyesha msichana anatolewa kati ya watu na kucheza jukwaani na Springsteen. Msichana yule alikuwa Courteney Cox, mwigizaji aliyewekwa pale na watu wa filamu. Lakini kisha mashabiki wa kweli wakaanza kungojea mkono ule, na Springsteen akaendelea kuutoa kwa watu wa kweli, miaka na miaka. Kitu kilichoanza kama maigizo kikageuka desturi. Mila nyingi za wanadamu zimeanza hivyo.

5. Wakati uwanja unatikisika

Juni 1985 Springsteen alipiga siku mbili kule Göteborg, Uswidi, kwenye uwanja wa Ullevi. Kila siku walikuja watu zaidi ya 60,000. Uwanja ule umejengwa juu ya udongo laini wa mfinyanzi. Watu walipoanza kuruka wote pamoja, kwa mapigo yale yale, udongo ulianza kuyumba na jengo likayumba nalo. Misingi iliharibika, na ikabidi kuiimarisha kwa franga nyingi.

Mtu mmoja akiruka hakuna kitu. Watu 60,000 wakiruka kila mtu kwa wakati wake, kunakuwa kelele tu. Lakini wakiruka kwa pigo moja, nguvu zinajumlishwa. Kazi ya kujumlisha inafanywa na muziki.

Émile Durkheim, ambaye wengi mulimsoma kwenye kilasi cha sosiolojia, alieleza jambo la namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1912 juu ya dini. Alisema watu wakikusanyika na kufanya tendo moja pamoja, kunazaliwa moto ambao kila mmoja anauhisi kama unatoka nje yake. Aliuita effervescence. Kwa Durkheim, mtu haota wakati ule. Anahisi kitu cha kweli: anahisi jamii yenyewe. Kule Göteborg hata saruji ilitoa ushahidi.

Hapa njo jibu la kwanza kwa wazazi. Shabiki haendi kusikia nyimbo, maana nyimbo anazo. Anaenda kwenye kazi ambayo mtu hawezi kuifanya peke yake.

6. Kuomboleza pamoja

Jambo lingine linaonyesha vizuri zaidi kwamba watu wa mbele ni sehemu ya orkestra.

Kwenye picha ya diski Born to Run, Springsteen anaegemea bega la mtu ambaye sura yake haionekani mbele. Unapaswa kugeuza diski juu ya kumwona. Ni Clarence Clemons, mpiga saksofoni, mtu mweusi, mrefu, ambaye wote walimwita Mtu Mkubwa. Mzungu mwembamba na mtu mweusi mkubwa wakicheka pamoja, Marekani ya mwaka 1975: picha ile ilisema mengi bila hotuba. Clemons alikufa tarehe 18 Juni 2011, akiwa na miaka 69.

Mwaka 2012 orkestra ilirudi barabarani bila yeye. Kuko wimbo mmoja, Tenth Avenue Freeze-Out, ambao unaeleza namna orkestra ilivyoungana, na mahali fulani unamtaja Mtu Mkubwa akiingia. Walifanya nini pale? Usiku hadi usiku wimbo ulikatwa pale pale. Orkestra nzima ilinyamaza. Hakuna saksofoni, hakuna ngoma. Uwanja wote ukaanza kupiga makofi na kupaza sauti, kwa muda mrefu, mpaka orkestra ilipoendelea. Kwenye saksofoni alikuwa Jake Clemons, mtoto wa ndugu ya marehemu.

Munajua kilio cha kwetu. Maiti haachwi peke yake, watu wanakuja, wanakaa, wanaimba mpaka asubuhi, na msiba unabebwa na wengi. Kule kila mji ulipewa nafasi ya kubeba upande wake wa jeneza. Mtu aliyemlilia Clemons peke yake chumbani, mbele ya telefone, hapa alipata matanga yake.

7. Siku alipofika Afrika

Springsteen amefika barani kwetu mara chache sana. Mwaka 1988 Amnesty International ilizungusha dunia konseri za kukumbuka miaka 40 ya Tangazo la Haki za Binadamu. Walikuwa Springsteen, Sting, Peter Gabriel, Tracy Chapman na Youssou N'Dour. Tarehe 7 Oktoba walipiga Harare, tarehe 9 Oktoba Abidjan. Harare hakukuchaguliwa ovyo: Afrika Kusini ya ubaguzi ilikuwa jirani, na vijana wa kule walivuka mpaka kuja kusikiliza. Mpiga gitare wa Springsteen, Steven Van Zandt, alikuwa amekusanya wasanii wengi mwaka 1985 juu ya kukataa kupiga muziki katika nchi ile mpaka ubaguzi uishe.

Springsteen alifika Afrika Kusini na orkestra yake Januari 2014. Mandela alikuwa amekufa tarehe 5 Desemba 2013. Usiku wa kwanza, Cape Town, tarehe 26 Januari, alifungua na wimbo ambao si wake, Free Nelson Mandela. Fikiria shabiki wa pale aliyekuwa kijana mwaka 1985. Alimngojea miaka mingi, na alijua kwa nini anangojea. Msanii alikataa kuja kwa sababu ya heshima, na siku ile heshima ililipwa. Wimbo ule kwenye diski ni wimbo mzuri. Mahali pale, wiki 6 baada ya maziko ya taifa, ulikuwa kitu kingine.

8. Franga inapoingia

Sasa tufike kwenye ugomvi.

Kwa miaka mingi tiketi za Springsteen ziliuzwa chini ya bei ambayo watu wangekubali kulipa. Hiyo pengo ilikuwa kama zawadi. Nani aliichukua? Sehemu ilichukuliwa na shabiki, ambaye alilipa kilichobaki kwa muda wake, kwa kusimama mstarini. Sehemu nyingine ilichukuliwa na walanguzi, wale wanaonunua tiketi nyingi na kuziuza tena kwa bei ya juu.

Julai 2022 tiketi za safari ya mwaka 2023 zilianza kuuzwa Marekani. Sehemu yake iliuzwa kwa bei inayopanda kufuatana na wingi wa watu wanaotaka. Wamotari wetu wanajua mchezo huo: mvua ikianza, bei inapanda. Mashabiki waliokaa mbele ya kompyuta waliona tiketi za dola 4,000 hadi 5,000. Kampuni iliyouza ilijibu kwamba asilimia 88.2 ya tiketi ziliuzwa kwa bei iliyopangwa, kati ya dola 59.50 na 399, na kwamba wastani ulikuwa dola 262. Springsteen mwenyewe alisema mwezi wa Novemba kwamba walanguzi wamechukua franga hizo siku nyingi, na afadhali ziende kwa watu wanaotoa jasho jukwaani. Akaongeza kwamba asiyefurahi akitoka anaweza kurudishiwa franga yake.

Kwa hesabu, alikuwa na sababu. Lakini mashabiki wengi waliumia. Kulikuwa gazeti la mashabiki, Backstreets, lililoanzishwa mwaka 1980. Februari 2023, baada ya miaka 43, lilifunga mlango. Waliolitoa walieleza kwamba wamevunjika moyo, na kwamba hawawezi tena kuandika kwa moto ule ule juu ya konseri ambazo wasomaji wao wengi hawawezi kuzilipia.

Juu ya nini waumie hivyo, kama tiketi ni bidhaa tu? Ni kwa sababu walikuwa wanajiona ndani ya kazi. Ukimwambia mteja kwamba bei imepanda, anakasirika na kwenda duka lingine. Ukimwambia ndugu yako alipe mlangoni kwa bei ya mgeni tajiri, unamwambia jambo lingine kabisa. Tena kuko hatari kwa muziki wenyewe. Kama watu wa mbele ni sehemu ya orkestra, anayesimama mbele anabadilisha sauti. Mwenye namba mkononi na bango la karatoni anaimba. Mwenye dola 5,000 anaweza naye kuwa shabiki wa kweli, lakini franga haimpimi mtu kama mstari unavyompima.

Safari ile ilileta ulizo lingine. Orodha ya nyimbo haikubadilika sana kama zamani, na wengine walilalamika. Springsteen alikuwa anaeleza hadithi moja kutoka mwanzo hadi mwisho: rafiki yake George Theiss alikufa mwaka 2018, na yeye akabaki wa mwisho aliye hai kati ya wenzake wa orkestra yake ya kwanza ya ujana. Kila usiku alimaliza peke yake na gitare, kwa wimbo wa kuagana. Mashabiki walizeeka pamoja naye, na wengi walielewa kwamba safari hii hawakuitwa kuchagua nyimbo. Waliitwa kukaa na mzee wao wakati anahesabu waliokwenda.

9. Kwa hiyo analipa nini?

Mwenye kulipa tiketi analipa vitu vitatu. Analipa sauti, ambayo tayari anayo. Analipa mahali pa kupima maisha yake, ambapo pia angeweza kupata kwingine. Na analipa nafasi ya kushiriki kazi ambayo haimaliziki bila yeye. Hicho cha tatu njo kinamtoa nyumbani.

Lakini hicho cha tatu njo pia kinamweka hatarini. Muuzaji akijua kwamba utakuja kwa bei yoyote, upendo wako unageuka bei. Jambo hili si la roki peke yake. Linatokea kwa mchezo wa mpira, kwa makanisa, kwa siasa, na kwa orkestra zetu wenyewe. Kila mahali ambapo watu wanatoa roho yao bure, kuko mtu anayehesabu roho hizo ni dola ngapi.

Kijana msomi asione aibu kuwa shabiki. Kupenda kazi nzuri ya mtu mwingine kwa bidii ni shule: unajifunza kusikiliza, kungojea, kukumbuka, kukaa na watu usiowajua. Ila ujue mpaka wako mbele ya kufika mlangoni. Usiuze mbuzi wa mama juu ya tiketi. Na siku bei ikikushinda, kumbuka wale wa Backstreets: walifunga gazeti bila matusi, na hawakusema kwamba miaka 43 ilikuwa bure.

Sasa zamu yenu. Ni msanii gani mungesimama mstarini tangu asubuhi juu yake, na mungesema basi kwa bei gani? Na wazazi wakiwauliza munaenda kutafuta nini kule, mutawajibu nini?